Mikono Mitatu ya Trekta: Ilikotoka, na Jinsi ya Kuinua Jembe Juu Zaidi

 

Leo tuanze na jambo ambalo karibu kila anayelima kwa trekta dogo amewahi kulikuta. Umefika mwisho wa mstari. Umevuta leva, mikono ya nyuma imepanda, jembe limetoka ardhini. Lakini limepanda kidogo tu, halifiki hata magotini. Unataka kuvuka tuta uingie jaruba la pili, na mkia wa jembe unalikwangua tuta lote. Maji yanavuja, jirani wa bondeni analalamika, na kesho utashika jembe la mkono kuziba ulichobomoa.

Mtu wa kwanza utakayemwuliza atakuambia: "Hamisha pini tundu moja mbele, litapanda." Ni kweli, litapanda. Lakini wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Ili ujue unachopewa na unachonyang'anywa pale unapohamisha ile pini, inafaa kwanza tujue mikono hii ilitoka wapi na iliwekwa kwa kazi gani. Tufuatane basi, turudi nyuma miaka mia moja na ushee.

TREKTA LILIPOKUWA LIKIVUTA KAMA NG'OMBE

Matrekta ya kwanza yalichukua nafasi ya wanyama, na watu wakayafunga jembe vile vile walivyozoea kumfunga mnyama. Jembe lilikuwa na magurudumu yake, likaunganishwa nyuma ya trekta kwa mnyororo au chuma cha kuvutia. Trekta lilikuwa kitu kimoja na jembe kitu kingine.

Jambo hili lilileta hasara mbili. Hasara ya kwanza ilikuwa ya ardhi. Trekta linalokokota jembe la magurudumu haliwezi kugeuka mahali padogo, wala kurudi nyuma kwa urahisi. Mwenye shamba kubwa aliweza kuacha nafasi pana ya kugeuzia kila upande. Mwenye eka mbili tatu je? Akiacha nafasi ya namna ile, anabaki na nini cha kupanda?

Hasara ya pili ilikuwa ya roho za watu. Mwaka 1917 kampuni ya Henry Ford huko Marekani ilianza kuunda trekta lililoitwa Fordson. Lilikuwa jepesi na la bei nafuu, na kwa muda mfupi likaenea katika nchi nyingi. Lakini sikiliza lilivyokuwa. Jembe likinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu makubwa ya nyuma hayawezi tena kwenda mbele. Injini haijui kwamba jembe limenasa. Yenyewe inaendelea kusukuma tu. Sasa ile nguvu iliyoshindwa kuzungusha magurudumu inalizungusha trekta lenyewe. Pua inainuka juu, na trekta zima linampindukia dereva kinyumenyume. Madereva wengi waliuawa kwa namna hiyo.

Liweke jambo hili akilini, ndugu yangu. Tutalirudia kabla hatujaagana.

MTOTO WA MKULIMA KUTOKA IRELAND

Mtu aliyepata dawa ya maradhi hayo alikuwa Harry Ferguson. Alizaliwa mwaka 1884 katika shamba la wazazi wake karibu na Dromore, kaskazini mwa Ireland. Kazi ya shamba hakuipenda. Alikwenda Belfast kufanya kazi ya ufundi wa magari pamoja na kaka yake, na mwishoni mwa mwaka 1909 akarusha ndege aliyoiunda mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege ya injini katika Ireland.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilikuwa haba. Wakuu wa kilimo wa Ireland walimwomba Ferguson azunguke nchini kuangalia matrekta yanavyofanya kazi na jinsi kazi hiyo inavyoweza kuongezwa. Alifuatana na fundi wake, William Sands. Katika kuzunguka kwao waliona shamba baada ya shamba trekta na jembe vinavyogombana. Wakafikia wazo moja: trekta na jembe visiwe vitu viwili. Viwe mwili mmoja.

Hawakufaulu kwa siku moja. Kwanza walitengeneza jembe lisilo na magurudumu, lililofungwa moja kwa moja kwenye trekta, na dereva akaliinua kwa leva ya mkono iliyosaidiwa na springi. Hapo ndipo jembe lilipoanza kubebwa badala ya kukokotwa. Kisha, kwa ajili ya Fordson, walitengeneza vishikio viwili, kimoja juu ya kingine. Kile cha juu kiliizuia pua ya trekta isiinuke jembe linaponasa.

Ikabaki shida moja, nayo ilikuwa ya kina. Jembe lisilo na gurudumu lake hufuata mwendo wa trekta. Gurudumu la mbele likipanda kichuguu, jembe linazama. Likiingia shimoni, jembe linatoka nje. Shamba linalimwa kwa mawimbi. Kufikia mwaka 1926 Ferguson alikuwa na hati ya uvumbuzi wa kutumia nguvu ya mafuta, yaani haidroliki, kulishika jembe katika kina chake. Mpango wenyewe ukakamilika kwa sura ile ile unayoiona leo nyuma ya trekta lako: mikono miwili chini, mmoja juu.

Tuone ulivyofanya kazi. Mikono ya chini huvuta. Mkono wa juu, ambao mafundi wengi huuita toplinki, wakati wa kulima hauvuti, unasukumwa. Udongo unalishika jembe kwa chini, jembe linataka kuinamia mbele, na toplinki inasukumwa kuelekea kwenye trekta. Msukumo huo unaikandamiza springi, springi inaisogeza valvu, na mafuta yanaliinua jembe kidogo. Udongo ukilegea, jembe linashuka tena lenyewe. Hali kadhalika uzito wa jembe na wa udongo uliobebwa unayaelemea magurudumu ya nyuma, nayo yanashika ardhi vizuri. Ndiyo maana trekta dogo liliweza kulima kazi iliyokuwa ikitaka trekta zito.

Na jembe likigonga jiwe? Toplinki inasukuma trekta kwa mbele, pua inabaki chini. Magurudumu ya nyuma yakipunguziwa mzigo yanazunguka bure mahali pamoja. Dereva anakanyaga klachi, anashuka, anatoa jiwe, anaendelea na kazi. Jioni anarudi nyumbani kwake.

KUPEANA MIKONO NA KUPELEKANA MAHAKAMANI

Mwaka 1933 Ferguson alikamilisha trekta lake la mfano. Alilipaka rangi nyeusi, nalo likaitwa hivyo hivyo, Trekta Jeusi. Mwaka 1936 kampuni ya David Brown ya Uingereza ilianza kuyaunda matrekta ya namna hiyo kwa ajili ya kuuza, yakafika kiasi cha 1,350. Baadaye wawili hao hawakuelewana, wakaachana.

Mwezi wa Oktoba 1938 Ferguson alivuka bahari na trekta lake mpaka Dearborn, Marekani, akamwonyesha Henry Ford. Ford alikuwa amejaribu miaka mingi kupata trekta bora na hakuridhika. Alipoliona hili likifanya kazi, wakakubaliana papo hapo. Ford aunde, Ferguson atoe uvumbuzi wake na kuuza. Wakapeana mikono, basi, hakuna karatasi. Mwezi wa Juni 1939 trekta lao, Ford 9N, lilionyeshwa kwa watu, na mpaka mwaka 1947 la aina hiyo pamoja na ndugu yake 2N yalikuwa yameundwa kiasi cha 300,000.

Lakini mapatano ya mdomo yana mwisho wake. Uongozi wa kampuni ulipofika kwa mjukuu, Henry Ford wa Pili, mapatano yalivunjwa. Mwaka 1947 kampuni ikatoa trekta lake yenyewe, 8N, lenye mikono ile ile mitatu. Ferguson akaenda mahakamani. Kesi iliisha mwaka 1952 kwa suluhu, Ferguson akalipwa dola milioni 9 na robo. Hapa nawe unayekodisha trekta la jirani msimu wote una la kujifunza: kupeana mikono ni vizuri, na kuandikiana ni vizuri zaidi.

Wakati huo Ferguson alikuwa na trekta lake jingine, dogo, la rangi ya kijivu, liitwalo TE20. Liliundwa Coventry, Uingereza, toka mwaka 1946 hadi 1956, yakatoka zaidi ya nusu milioni. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, na toka mwaka 1958 jina likawa Massey Ferguson. Hilo bila shaka unalijua. Huku kwetu Afrika Mashariki, Massey Ferguson 135, lililoanza kuundwa mwaka 1964, ni trekta ambalo mafundi wengi wa vijijini walijifunzia kazi.

Haki za uvumbuzi zilipokwisha muda wake, makampuni mengine nayo yakatumia mikono mitatu. Vipimo vikawekwa vya pamoja. Matrekta madogo mengi ni ya daraja la kwanza: pini za mikono ya chini zina unene wa milimita 22, na ya toplinki milimita 19. Daraja la pili ni milimita 28 na 25. Kwa ajili hiyo haro iliyotengenezwa nchi moja inaingia kwenye trekta lililotengenezwa nchi nyingine. Ikikataa, usiigonge kwa nyundo. Kwanza pima pini zako.

KILA SENTIMITA INATOKA MAHALI

Sasa turudi kwenye tuta lako la jaruba. Historia imetuonyesha kwamba mikono hii haikubuniwa kwa ajili ya kuinua juu. Ilibuniwa kushika kina, kugeuka mahali padogo, na kuizuia pua ya trekta isipande. Kuinuka kwa jembe ni kule kunakotosha tu kusafiria. Kwa hiyo ukitaka nyongeza utaipata, lakini utaitoa mahali pengine.

Kabla hujagusa spana, liweke trekta mahali tambarare, inua mikono hadi mwisho, upime kwa futikamba kutoka ardhini hadi kwenye ncha za mikono ya chini. Andika. Angalia mafuta ya haidroliki kama yamefika kwenye alama. Angalia pia leva kama inafika mwisho wake. Pengine mwenye trekta aliyekutangulia aliweka kizuizi kidogo pale, nawe unasumbuka bure. Ukiisha kuhakikisha hayo, zipo njia tatu.

Njia ya kwanza ni toplinki. Ukiizungusha ikawa fupi, jembe linainama mbele na mkia wake unapanda. Kama kinachokwangua tuta ni mkia, huenda hii peke yake ikatosha. Unachotoa ni ulalo wa jembe: pua yake itachimba zaidi. Kwa hiyo ukifika mstarini irudishe, ama sivyo utalima vibaya. Tena, trekta lako likiwa na matundu kadhaa ya toplinki upande wa trekta, tundu la chini huufanya mkia upande zaidi wakati wa kuinua. Lakini katika matrekta mengine matundu hayo ndiyo yanayopokea msukumo wa kushika kina. Soma kitabu cha trekta au mwulize fundi kwanza.

Njia ya pili ni fimbo za kuinulia, zile mbili zilizosimama na kuishika mikono ya chini. Ukizifupisha sawasawa, kushoto na kulia, mikono yote inapanda. Unachotoa ni upande wa chini: kiasi unachopanda juu ndicho unachopungukiwa chini, na jembe linaweza lisifike kina chako. Usifungue uzi wa fimbo mpaka ukashika kwa nyuzi mbili tatu tu. Siku moja utachomoka.

Njia ya tatu ni ile ya kuhamisha pini. Matrekta mengi madogo yana matundu mawili au matatu kwenye mkono wa chini, mahali fimbo inaposhika. Tuseme mkono wako una urefu wa sentimita 80, na fimbo imeshika katikati, sentimita 40 toka kiungo cha mbele. Fimbo ikipanda sentimita 20, ncha ya mkono inapanda 40. Sasa hamisha fimbo mbele, sentimita 32 toka kiungo. Fimbo ikipanda zile zile 20, ncha inapanda 50. Umepata sentimita 10 kati ya chini kabisa na juu kabisa. Sehemu yake itakwenda chini, na sehemu juu. Ukizitaka zote juu, utafupisha fimbo kidogo.

Umetoa nini? Umetoa nguvu. Kama ncha zile ziliweza kuinua kilo 500, sasa zitainua 400. Ni hesabu ile ile ya wenzo wa kung'olea jiwe: ukishika karibu na egemeo, unasogeza haraka lakini unachoka. Kwa jembe jepesi la diski mbili hutaona tofauti. Kwa rotavata nzito utasikia mafuta yanalia na mikono haiendi.

Ukiisha kurekebisha, washa trekta uinue polepole huku ukitazama. Je, jembe linagusa tairi? Linagusa kiti? Mikono ikifika juu kabisa, isukume kwa mkono; inapasa ipande kidogo zaidi, iwe na mchezo. Kama imekaza kabisa na mafuta yanalia, pampu inasukuma ukuta. Zima mara moja, urudishe nyuma kidogo marekebisho. Pampu ikifa, faida yote ya msimu inakwenda dukani kwa wauza vipuri.

Kama chombo chako kinazungushwa na shafti ya PTO, zima PTO kabla hujainua. Shafti ikipinda sana juu, viungo vyake huvunjika, na vipande vyake havichagui mtu.

MAMBO AMBAYO HAYAFAI KABISA

Kwanza, usichomelee wala kutoboa matundu mapya kwenye mikono. Chuma kile kimetengenezwa kwa nguvu yake, na moto wa kuchomelea unakiharibu.

Pili, kumbuka pua ya trekta. Kadiri mzigo wa nyuma unavyopanda na kwenda nyuma zaidi, ndivyo mbele panavyokuwa pepesi. Magurudumu ya mbele yabebe angalau sehemu moja ya tano ya uzito wa trekta tupu. Ukiona usukani umekuwa mwepesi, au trekta halitii kona, funga vyuma vya uzito mbele kabla ya safari. Na unapovuka tuta, shuka kwa mwendo wa pole.

Tatu, usimruhusu mtu kuingia chini ya jembe lililoinuliwa, hata kukaza nati moja. Kinachoizuia mikono ile ni mafuta, nayo mafuta huvuja. Weka magogo imara, ama lishushe jembe chini. Watoto wafukuze kabisa.

Nne, na hili ndilo nililokuomba uliweke akilini. Usifunge kamwe mnyororo kwenye toplinki, wala kwenye mikono iliyoinuliwa, ili kung'oa kisiki au kuvuta gari lililokwama. Ukifanya hivyo umerudi kwenye Fordson ya mwaka 1917. Mvuto ukitoka juu, pua inapanda, na kabla hujaifikia klachi trekta limekwisha kukugeukia. Mikono mitatu hulinda uhai wako pale tu inapobeba jembe kwa pamoja, yote mitatu. Kuvuta kuna mahali pake: ile ndoano ya chini, katikati.

Na baada ya yote hayo, ndugu mkulima, lipo shauri moja lisilotaka spana. Pengine shida si trekta. Pengine ni tuta. Kaeni wenye majaruba, mkubaliane mahali pamoja pa kuvukia. Mpajaze udongo, mpashindilie vizuri, mpateremshe taratibu pande zote mbili. Trekta la kila mmoja wenu litapita hapo, maji yatabaki jarubani, na pini yako itabaki kwenye tundu lenye nguvu.

Kama pamoja na hayo bado unahitaji sentimita 10, sasa unajua zinapatikana wapi na zinalipwa kwa nini. Chukua futikamba, anza na toplinki, kisha fimbo, na pini iwe ya mwisho.